Lundo la Binti Yangu Halipati Joto

Jumatatu, 4 Mei

Nesi wa zahanati anasema presha yangu inapandishwa na mambo ninayoyafungia moyoni. Niyatoe. Nikamuuliza niyatoe wapi, maana mume wangu nikianza tu kumweleza anasinzia. Akasema niandike. Haya, naandika. Mwandiko msiuangalie, shule niliiacha mapema na yenyewe haikunifuata.

Jambo la kwanza la moyoni: lundo.

Kitindamimba wangu yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, hapahapa ninapomenya viazi jikoni. Anasomea mazingira. Wenzake wamechagua mambo ya heshima, yeye kachagua takataka! Anachukua maganda yetu ya jikoni, anayarundika nyuma ya maabara ili yaoze, yawe mboji ya kurutubisha bustani za chuo badala ya kwenda kunuka jalalani. Jumatatu ijayo profesa wao anakuja kulikagua. Lundo likifaulu, mwanangu anahitimu. Likifeli, anarudia mwaka.

Na mimi nimeshatangaza! Mtaa mzima unajua anahitimu. Fundi cherehani ameshakata kitambaa cha gauni langu.

Sasa mtoto anasema lundo linatakiwa liwe na joto. Lichemke lenyewe kwa ndani, bila moto. Lake ni baridi. Limekaa pale kama mgeni aliyenuna. Asubuhi anachomeka kipimajoto, jioni anachomeka tena, anatikisa kichwa. Hajui kosa liko wapi.

Hata mimi sijui. Kwa upande wangu sijazembea. Kila siku kabla ya kumpelekea maganda nayaosha. Sabuni kwanza, nasuuza, halafu ile dawa ya kudekia inayoua vijidudu, yenye harufu ya maua. Yeye hajui na hana haja ya kujua. Profesa mzima aje kushika mtihani wa mwanangu, akute tope? Waseme kalelewa wapi?

Jumanne, 5 Mei

Mama Pacha!

Huyu tunamenya naye meza moja. Mapacha wake wanasoma na binti yangu, na wao wametengeneza jiko la jua. Lidude kubwa kama ungo wa kupepetea, limewekwa bati jembamba linalong'aa mpaka unajiona meno. Linakusanya jua, linachemsha maji bila mkaa wala gesi. Limesimama hapo uani kwetu. Anavyolisifia, utadhani jua lenyewe kalizaa yeye. Leo anatueleza kwamba lile bati halifutwi na kitambaa cha kawaida, ni pamba laini tu, taratibu, kama uso wa kichanga. Mkwaruzo mmoja tu, kwisha kazi.

Halafu akanigeukia kwa sauti ya asali, akauliza mgonjwa wetu wa nyuma ya maabara anaendeleaje, au bado hana joto? Jikoni kote kicheko. Na mimi nikacheka. Kwa meno tu.

Nikapanga jambo. Jambo dogo. Nilifua vitambaa vyote vya meza, hata visafi, nikafunga kamba uani, nikavianika vikaliziba jua lile lidude. Nani atamkataza mtu kuanika? Maji yao yakabaki vuguvugu. Nikarudi kwenye viazi vyangu naimba.

Kumbe wale watoto wakaligeuza kidogo tu kulifuata jua. Mwanga wote ukaelekea kwenye vitambaa. Kitambaa cha mpishi mkuu kikatoboka tundu la ukubwa wa sahani! Moshi! Watu wakakimbilia, wakapiga picha. Profesa akapita, akasema nguvu za namna hiyo hakuzitegemea kwa wanafunzi. Mapacha wakapeana mikono na kila mtu.

Mpishi mkuu akauliza nani alianika pale. Nikaingia stoo kuhesabu vitunguu.

Alhamisi, 7 Mei

Leo nimemwuliza mtoto, hilo joto linatoka wapi hasa? Amefurahi nimeuliza. Tumekaa kwenye ngazi za nyuma akanieleza polepole, kama anavyomweleza bibi yake simu. Anasema ndani ya lundo kuna viumbe vidogo sana, macho hayavioni, mamilioni kwa mamilioni. Vinakula maganda, vinazaana, na katika kula kwao ndipo joto linapotoka.

Nikasema ndiyo, mwanangu, nimeelewa.

Nimeelewa nini! Vijidudu! Mamilioni! Ndani ya mtihani wa mtoto wangu! Nimerudi jikoni mbio. Na mimi na kuosha kote kule bado vimeingia? Leo nimeongeza dawa maradufu. Maganda yametoka yanang'aa, mikono yangu inanuka wodi.

Baadaye nikaenda kulipima lundo mwenyewe, kwa mgongo wa mkono, kama nilivyokuwa nikiwapima wanangu wakiwa na homa. Baridi tupu. Nikalionea huruma, jamani. Mtoto akiwa baridi unafanya nini? Unamtafutia kitu cha moto.

Chupa za chai za walimu! Zile ndefu za kubonyeza juu. Zilikuwa zimejazwa tayari, zinangoja kupelekwa, moja kwa kila ofisi. Nikachukua moja, nikaifukia katikati ya lundo. Chai yenyewe sikuimwaga. Ningeimwagaje chai ya watu?

Ijumaa, 8 Mei

Baridi vilevile. Chupa imekaa na joto lake huko ndani, haimpi mtu. Choyo!

Nilitaka kuifukua lakini binti alikuwapo muda wote na kipimajoto chake. Jikoni nako balaa. Profesa amekuja mwenyewe kuulizia chai ya jana, anasema ofisi nzima ilifundisha na koo kavu. Chupa haionekani. Mama Pacha akadakia kwamba siku hizi humu ndani hata kijiko ukikiacha kinaota miguu. Akanitazama mimi. Nikakitazama kiazi.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Nimezunguka nyuma ya lundo, upande wa ukutani ambako mtoto hafiki, nikakuta uchafu! Masalia ya chakula, mboga zilizooza, majani ya chai, vyote vimemwagwa juu ya lundo letu, vinavuja, vina nzi. Uchafu wa siku nyingi. Mtu anatuhujumu! Nilijua tu. Mafanikio ya mtoto wangu yanawachoma watu.

Niliposogea kuuondoa harufu ikanirudisha kinyumenyume. Basi nikaiba nyasi kavu za mtunza bustani, alizokwisha kufyeka na kukusanya vizuri, nikazitandaza juu ya ule uchafu tabaka nene. Nikavuruga kidogo kwa reki ili kusionekane kitu. Profesa akija aone nyasi tu.

Mtoto sikumwambia. Ana mawazo ya kutosha.

Jumapili, 10 Mei

Mtoto hali. Nimempikia anachokipenda, kakichokoa, kasukuma sahani. Nimemkuta uani kakaa na kipimajoto mapajani. Akaniambia bila kunitazama kwamba kesho akifeli hatarudia mwaka. Atatafuta kazi yoyote. Anasema mgongo wangu umeinamia viazi vya kutosha kwa ajili yake.

Nikamwambia mgongo wangu hauna neno. Nikamwambia mimi hata nikilala naona viazi, nimevizoea, ni kama ndugu. Hakucheka.

Alipokuwa mdogo aliokota kila kitu njiani. Vifuniko, waya, makopo. Nilimchapa siku moja kwa kuniletea kopo la matope kitandani. Kumbe kapanda mbegu ya papai, anataka ilale naye isiogope.

Huyu anafeli vipi? Hafeli. Mimi mama yake nipo.

Baba yake kaniambia nimwache mtoto afanye mambo yake. Nikamwambia sawa. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba kuchagua matofali mazuri mawili.

Jumatatu, 11 Mei

Naandika nikiwa bado nanuka moshi.

Nimefika kazini wa kwanza. Nikayatia matofali kwenye oveni chini ya mikate, moto wa mwisho. Yalipoiva nikayazungushia aproni yangu, nikayatia kwenye gunia, nikayakimbiza hadi nyuma ya maabara. Nikachimba pale mbele, anapochomekaga mtoto kipimajoto. Nikafukia, nikapapasa juu pawe sawa. Nikajificha nyuma ya tangi la maji.

Profesa akaja na wanafunzi wengi. Mama Pacha naye akaja kusimama pembeni, mkono kiunoni, eti kapita tu. Binti yangu kasimama wima, midomo mikavu. Akaanza kusema kwa sauti ndogo kwamba kwa bahati mbaya lundo lake halijapata joto, na sababu hajaijua. Profesa akachomeka kipimajoto chake kikubwa.

Mshale ukapanda. Ukapanda. Ukagota mwisho!

Nikajikuta napiga makofi peke yangu nyuma ya tangi.

Profesa kavua miwani, kaifuta, kavaa. Akasema tangu aanze kufundisha hajaona mboji yenye joto la kuoka mkate. Mwanangu mdomo wazi. Hapo ndipo moshi ulipoanza. Kwanza kama uzi, halafu kama jiko la mama mkwe. Profesa akasema hilo si joto la kuoza, huo ni moto! Mtunza bustani akaja mbio na maji na jembe.

Wakafukua. Tofali. Tofali la pili. Gunia linaungua. Aproni yangu, yenye kiraka cha maua ambacho jikoni wote wanakijua. Halafu ile chupa ya chai.

Profesa akaiokota. Akaifuta. Akabonyeza juu. Ikatoka chai! Akaitazama inavyodondoka kwenye kiatu chake. Akasema, kumbe ilikuwa huku.

Waliosikia makofi yangu wakageukia tangi, nikatoka. Mama Pacha sasa, hawezi kukaa na kimya huyu! Akawaambia jamani msishangae matofali, mwenzetu huyu maganda ya mtoto wake anayaogesha kila siku. Sabuni! Dawa ya kudekia! Bado kuyapaka mafuta tu na kuyavalisha soksi!

Wanafunzi wameanguka kwa kicheko. Mtoto wangu hakucheka. Alinigeukia, akaniuliza taratibu, mama, dawa ya kuua vijidudu?

Nikasema kidogo tu.

Akafumba macho.

Moshi ukamzidi profesa, akazunguka nyuma kukohoa, akaegemeza mkono kwenye lundo upande ule wa ukutani. Akaruka! Anapuliza kiganja! Wakafunua nyasi, mvuke ukatoka kama sufuria la ugeni. Wakachomeka kipimajoto: joto la kweli, lile lile la vitabuni. Chini kumeoza vizuri, kweusi, kunanukia udongo baada ya mvua.

Nikapiga kelele kwamba upande huo sikuutia mkono, naapa, huo ni uchafu wa mahasidi! Mama Pacha ghafla akawa anatafuta kitu ardhini. Profesa akauliza mahasidi gani. Mama Pacha akasema, mh, wee, hasidi gani tena, jalala liko mbali na magoti yanamsumbua, basi ndoo yake ya masalia huwa anaimwaga pale ukutani tangu muhula uanze. Mtunza bustani akauliza na nyasi zake je. Nikanyoosha mkono.

Profesa hakusema amefaulu wala amefeli. Kampa binti mpaka Jumatano aje aeleze inakuwaje lundo moja mbele maiti, nyuma lina homa.

Tumerudi nyumbani kila mmoja upande wake wa barabara.

Jumanne, 12 Mei

Asubuhi hajanisemesha. Hata "shikamoo" kaiambia sahani. Baba yake akafungua kinywa kutaka kusema kwamba alinionya, nikamwonyesha mwiko, akafunga.

Kazini nimekaa meza moja na Mama Pacha. Tumemenya gunia zima. Mara moja tu kasema viazi vya leo vina macho mengi. Nikasema kweli.

Jioni mtoto akaja na kalamu, akakaa mbele yangu. Akasema nimweleze kila kitu, tangu mwanzo, sabuni gani, maji gani, nyasi nilitandaza vipi. Nikamweleza. Akauliza dawa naweka kiasi gani.

Nikasema namimina mpaka roho itulie.

Akauliza, mama, hiyo ni kiasi gani? Nikamwambia siwezi kusema, labda nimwonyeshe. Nikachukua beseni nikamimina kama kawaida yangu. Akapima. Akaniangalia. Akapima tena. Halafu akaangua kicheko, kicheko cha kuishika meza, machozi yanamtoka. Mimi nikadhani analia, nikaanza kulia kweli. Akanikumbatia, huku anacheka, anasema dawa ile ingetosha kudeki uwanja wa mpira.

Kala sahani mbili.

Jumatano, 13 Mei

AMEFAULU!

Nilikuwa dirishani, nimepanda ndoo. Kasimama mwanangu mbele ya watu akaeleza, sauti imerudi. Upande wa mbele ulioshwa kila siku, viumbe vyake vikafa vyote, ukapoa. Upande wa nyuma ulipewa uchafu mbichi na nyasi kavu, viumbe vikala vikashiba, ukachemka. Taka za jiko lilelile, ukuta uleule, jua lilelile. Tofauti kubwa ni dawa. Profesa akasema yeye mwenyewe asingepata moyo wa kuliua lundo zima kwa makusudi ili aone. Akauliza tu kile kipimo cha "mpaka roho itulie" wakiandikeje. Ukumbi ukacheka. Ndoo ikateleza. Sikuumia sana.

Chuo kimempa kazi akihitimu! Kila jiko la chuo liwe na lundo lake, na yeye azunguke kuwafundisha wapishi wasitie sabuni wala dawa kwenye ndoo za maganda. Ameanza na mimi. Kaniapisha jikoni mbele ya mpishi mkuu: sitaosha ganda lolote tena, maisha yangu yote. Nimeapa. Mikono juu.

Lakini humu naweza kusema. Bila dawa yangu, tofauti ingetoka wapi? Aliyefaulu hapo, ukitazama vizuri, ni nani?

Alhamisi, 14 Mei

Nimepita zahanati. Presha imeshuka! Nesi kashangaa. Anasema chochote ninachokifanya niendelee nacho hivyohivyo.

Gauni liko tayari. Linanibana kidogo mabegani, ila kwa furaha hii nitapumua siku nyingine.

Kuna jambo linanikaa rohoni, nalo ni la shukrani. Mama Pacha. Mdomo anao, lakini bila ile ndoo yake na magoti yake mwanangu leo angekuwa anazunguka anaomba kazi. Leo nimemmenyea fungu lake la vitunguu bila kuombwa. Akaniuliza kama naumwa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kesho mapacha wanakaguliwa jiko lao, na yeye tangu jana ni dua tu. Nilimshika mkono. Mama mwenzangu.

Nikatoka uani kuliangalia lile lidude. Masikini! Vumbi, alama za vidole, madoa ya mvuke. Bati limefifia. Wale watoto wanahangaika na makaratasi yao hawaoni, na mama yao na magoti yale atainamaje? Eti wanafuta na pamba. Pamba inatoa nini? Pamba ni ya masikio.

Niliapa kuhusu maganda. Lile si ganda.

Nimeshaweka tayari kwenye mfuko: waya mpya wa kusugulia masufuria, ule mgumu, na unga wa kung'arishia. Mimi sufuria lililoshindikana jiko zima huletwa kwangu. Kesho nitafika kabla ya Mama Pacha, asijue, afurahi tu ghafla akikuta linameremeta.

Nitasugua mpaka roho itulie.